Siku Shangazi Alipoualika Mtaa

Shangazi yangu, dada mkubwa wa babangu, alikuwa na kazi isiyo na mshahara wala ofisi. Alikuwa mwalikaji. Mtu akioza binti katika Mji wa Kale, habari haikwenda kwa simu wala kwa barua. Alitumwa Shangazi. Naye angejifunga buibui lake la kutokea, ajifukize udi, ashuke ngazi zetu za mbao zilizokuwa zikilia kila kidato, kisha azunguke mlango kwa mlango kutoka Kibokoni hadi Kuze, na pengine avuke barabara afike Majengo, akiwaalika wanawake mmoja mmoja kwa kinywa chake.

Hakujua kusoma. Hakuandika jina la mtu popote. Milango yote ilikuwa kichwani mwake, tena kwa mpango wa hatua zake: mlango wa misumari ya shaba, mlango wa kizingiti kilichomeguka, mlango wa bibi asiyesikia ambaye lazima umbishie dirishani kwa ufunguo. Mara moja nilimuuliza huikumbuka vipi yote hiyo. Akaniambia, "Nikianza kufikiri napotea. Naiachia miguu."

Kualika kwetu kuna adabu zake. Mwalikaji hupiga hodi tatu. Akikaribishwa hukaa ukingoni mwa kiti, huuliza hali za nyumba nzima hata paka, hunywa kahawa fundo mbili, ndipo husema neno lililomleta: "Nimetumwa. Bibi fulani akusalimu sana, na akualika kwake siku ya Alhamisi, saa nane, wewe na walio wako." Na mwenye nyumba hujibu kwamba amepokea, na inshallah watafika. Hata mjane aliye edani, ambaye kutoka hawezi, alialikwa vilevile, ili mlango wake usirukwe. Mlango ukirukwa mara moja ulikumbukwa hata kwa wajukuu. Na asiyealikwa hakwenda, hata kama harusi iko nyuma ya ukuta wake na harufu ya pilau yamwingia puani. Alikaa kwake, akafunga dirisha, akasema hana njaa.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kiwanja. Hakikuwa kikubwa. Ardhi ilikuwa ya baraza la mji, mchanga ulikuwa wa watoto na mipira yao ya matambara, na kamba za nguo zilikuwa za yeyote aliyewahi asubuhi. Lakini mchana wa harusi kiwanja kilikuwa cha wanawake. Turubai ilitandwa juu kutoka ukuta hadi ukuta, mikeka ikatandikwa chini, ngoma ikaingia, na sisi wasichana tukajifunza pale namna ya kutembea, kucheka na kuketi. Nadhani nimejifunza pale hata namna ya kusikiliza. Nikiandika leo na sentensi ikakataa kuja, hufumba macho nikawasikia wanawake wa kiwanja wakiongea wote kwa pamoja, na hapo hapo mmoja wao hunipa neno.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Vyama vingi vilikuwa bado vipya kama nguo ya Idi, watu wakivigusagusa bila kujua wavivae vipi. Babangu alikuwa bado akiisimulia kura ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, ambapo kila mtu alijulikana amesimama nyuma ya nani, na foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu mbele ya macho ya wote. Tangu siku ile, akisema, yeye na mambo ya serikali ni "salamu aleikum, aleikum salamu," na kila mtu kwake. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Asubuhi nilijifunza kupiga taipu mjini, jioni nilikaa roshanini nikiandika hadithi nyuma ya madaftari yaliyobaki nafasi.

Ndipo tangazo likabandikwa ukutani mwa kiwanja. Nilimsomea Shangazi akiwa amesimama na kikapu cha samaki mkononi. Mfanyabiashara mmoja ameomba apangishwe kiwanja ajenge ghala la kuwekea marobota ya mitumba. Mkazi yeyote mwenye pingamizi afike katika ukumbi wa shule ya msingi, siku fulani, saa nane mchana, atoe maoni yake.

"Wamesema nani aje?" aliuliza.

"Mkazi yeyote."

"Yeyote ndiye nani?"

"Mtu yeyote, Shangazi. Hata wewe."

"Hata mimi!" Akacheka mpaka kikapu kikatikisika. "Basi hilo si jina langu." Akaenda zake kupaa samaki.

Siku ikafika, ikapita. Sikumbuki hata nilikuwa nikifanya nini saa nane ile. Jioni, baada ya swala ya alasiri, diwani wetu alipanda ngazi zetu akihema. Alikuwa mtoto wa mtaa, amechaguliwa juzi tu katika kura zile za vyama vingi, na Shangazi ndiye aliyezunguka kuwaalika watu siku ya akika yake.

"Mwanitia aibu, Shangazi," alisema hata kabla ya kukaa. "Nimekaa na karani mbele ya viti vitupu mpaka mwili wauma. Mtu mmoja hakuja. Mmoja! Karani kaandika: wakazi hawakufika, hakuna pingamizi."

"Nani alitualika?"

"Tangazo lilibandikwa! Hapo chini, mwapita kila siku."

"Karatasi ilituangalia, nasi tukaiangalia. Haikupiga hodi."

"Sheria haipigi hodi, Shangazi."

"Ndiyo maana haipati wageni."

Diwani alimgeukia babangu kutafuta msaada wa mwanamume mwenzake. Babangu akakoroga kahawa yake isiyo na sukari. "Mimi niliisoma," alisema. "Nikasema moyoni, wakinitaka wataniambia."

Diwani alijishika kichwa kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona mtu mkubwa amekaribia kulia na kucheka kwa wakati mmoja namna ile. Kisha akatueleza polepole, kama mtu afundishaye watoto, kwamba amembembeleza karani hata amekubali kuita kikao kimoja zaidi, baada ya wiki mbili. Ni cha mwisho. Wakazi wakifika, majina yao yakaandikwa, pingamizi litapelekwa kwa madiwani wote. Wasipofika, baraza litapiga kura juu ya karatasi tupu. "Na baada ya hapo," alisema, "ni matofali."

Shangazi alisogea dirishani akakitazama kiwanja. Mimi nilijua linalomwumiza. Harusi zilikuwa zimeanza kuhama. Wenye uwezo walikuwa wakikodi kumbi za mjini zenye feni na maikrofoni, na kwa ukumbi watu walialikana kwa kadi za maandishi ya dhahabu. Mwaka uliotangulia kadi ya kwanza ilikuwa imepenyezwa chini ya mlango wetu. Shangazi aliishika juu chini, akaitazama sana, kisha akaikunja akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Waliobaki wakifanya harusi kiwanjani ndio waliobaki wakimtuma yeye. Kiwanja kikienda, hakuna tena atakayemhitaji mwanamke anayejua milango.

"Basi nitume," alisema.

"Nikutume nini?"

"Nikualikie watu. Lakini lazima unitume. Anayepita milangoni bila kutumwa ni mchongezi."

"Haya, nenda, nimekutuma."

"Si hivyo, mwanangu. Kwani hukulelewa?" Akamhesabia kwa vidole: aje kesho na doti moja ya leso za kujifunga, sukari, na ubani, aseme neno lake mbele ya mashahidi. Mkutano usiwe shuleni, uwe kiwanjani penyewe, chini ya turubai. Na kwa kuwa aalikaye ndiye mwenyeji, siku hiyo asimame mlangoni awapokee watu, tena watu wasiondoke midomo mikavu.

"Shangazi, huu ni mkutano wa baraza la mji!"

"Baraza lina mama?"

"Halina."

"Wewe unaye. Mwambie akande unga wa mahamri."

Alikuja kesho yake na leso. Alisimama sebuleni kwetu, jasho likimtoka, akasema mbele ya babangu na mimi: "Shangazi, nakutuma kwa watu wa mtaa." Shangazi akazipokea kwa mikono miwili. Asubuhi iliyofuata tukashuka ngazi, yeye mbele na mimi nyuma, maana magoti yalikuwa yameanza kumsumbua na alitaka mtu wa kumshika kwenye vidato.

Siku zile sitazisahau. Nilikuwa nimekaa miaka yote katika mtaa ule nikidhani naujua, kumbe nilijua njia tu. Nyuma ya kila mlango palikuwa na ua, na uani palikuwa na dunia: mwanamke anasuka ukili, mwingine anapepeta mchele huku akimfundisha kasuku salamu, mabinti watatu wanagombana juu ya kioo kimoja. Kila mahali tulikaribishwa kahawa. Kila mahali waliuliza swali lile lile.

"Anayeoa nani?"

"Haoi mtu. Nimetumwa na diwani. Baraza la mji lakusalimu sana, na lakualika kiwanjani siku ya Alhamisi, saa nane, wewe na walio wako."

"Lanisalimu mimi? Kwani lanijua?"

"Sasa litakujua."

Mmoja alitaka kujua kutakuwa na ngoma. Mwingine aliuliza avae nini mtu anapoalikwa na baraza, na Shangazi, bila kusita, akasema, "Vaa kama wendao kwa wakwe." Bibi asiyesikia alibishiwa dirishani kwa ufunguo, akatoa kichwa, akapigiwa kelele habari yote mpaka njia nzima ikaalikwa kwa mpigo. Mjane aliye edani alialikwa. Alilia kidogo kwa furaha ya kukumbukwa, kisha akamwambia Shangazi kwamba yeye hatoki, lakini kama serikali yataka maoni yake, maoni yake ni kwamba mwenye mitumba akaweke mitumba yake kitandani kwake.

Chini ya nyumba yetu hasa kulikuwa na duka la vitambaa la mama mmoja wa Kibohora, Mhindi Mwislamu. Babu yake mzaa babu alifungua duka lile, na yeye amezaliwa ghorofa iliyo kati ya duka na yetu. Siku ya tatu tulipokuwa tukitoka nilimwona Shangazi anasimama mbele ya duka. Miguu yake haikuwahi kuingia pale kwa kualika. Harusi zetu tulialikana sisi, na za kwao walialikana wao, na baina yetu palikuwa na salamu za asubuhi, sahani za futari mwezi wa Ramadhani, na uzi.

"Uzi wa rangi gani leo?" mama yule aliuliza.

"Leo sikuja kununua, bibi. Nimetumwa."

Yule mama aliweka mkasi juu ya meza. Akazunguka, akatoa kiti, akakifuta kwa upindo wa rida yake, lile vazi lao la kujisitiri. Shangazi akakaa ukingoni kama desturi, akauliza hali za nyumba nzima, akasema maneno yake yote bila kupunguza hata moja.

"Miaka mingi nakuona ukipita hapa mbele na hili buibui la kualikia," mama akasema alipomaliza. "Kila mara nasema, haya, leo kapita tena."

"Leo sikupita," akajibu Shangazi, na wote wawili wakatazama pembeni kama watu walioshikwa wakiiba.

Alhamisi ikaja na jua lake. Turubai ilitandwa, viti vya kukodi vikapangwa, chetezo kikawashwa kwenye pembe kwa sababu Shangazi hakujua mkutano bila udi. Mama wa diwani alikuwa jikoni kwetu tangu alfajiri. Diwani mwenyewe alisimama mlangoni mwa kiwanja katika kanzu na koti, amenyooka kama bwana harusi aliyeambiwa asicheke. Karani wa baraza alikuja mapema. Alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo, akikaa Buxton, mpole, shati limepigwa pasi likasimama lenyewe. Alimwamkia Shangazi vizuri, akaweka faili lake juu ya meza, akaweka saa yake ya mkono juu ya faili.

"Tutafungua saa nane," alisema, "na saa tisa nitafunga. Ndivyo ilivyoandikwa."

Saa nane ikafika. Viti vilikuwa vitupu.

Wanaume walikuwapo, lakini wapi? Wamesimama kwenye pembe ya njia, kama ishirini, babangu miongoni mwao, mikono nyuma, macho chini. Walikuwa wamealikwa msikitini na diwani mwenyewe, wakaja kwa saa yao. Lakini walipotokea waliona turubai, wakasikia harufu ya udi na sauti za wapishi wa kike, na adabu ikawasimamisha pale pale. Hiyo kwa macho yao ilikuwa harusi ya wanawake, na mwanamume mwenye heshima zake haingii. Diwani alikwenda kuwaita. "Ingieni, wazee wangu, ni mkutano!" Wakamjibu, "Waingie wao kwanza, tujue ni nini."

Na wao hawakuwapo. Saa nane na robo. Saa nane na nusu. Karani alifungua faili, akaandika tarehe. Nilimwona kwa macho yangu akiandika "Wakazi," kisha kalamu ikangoja. Shangazi alinivuta mkono tukaenda nyuma ya turubai. Uso wake ulikuwa umekuwa wa rangi ya majivu.

"Nimeharibu," alisema.

"Umeharibu nini?"

"Nimewaambia saa nane."

"Si ndiyo saa yenyewe?"

"Ewe mtoto! Maisha yangu yote nikialika nasema saa nane, na kila mwanamke ajua maana yake ni saa tisa na nusu. Akija saa nane ataonekana ana njaa. Kama nilitaka waje saa nane, ningewaambia saa sita!"

Nilitaka kucheka na sikuthubutu. Mtaa mzima ulikuwa majumbani mwake wakati ule, umealikwa ukaalikika, ukijipaka wanja pole pole, ili ufike kwa heshima nusu saa baada ya kiwanja kupotea.

Shangazi alijifuta uso, akaingia tena chini ya turubai na sinia. Akaiweka mbele ya karani: mahamri, mbaazi za nazi, kahawa.

"Bibi, nashukuru, nimekula."

"Umekula kwako. Hapa hujala."

Alikuwa mtu wa pwani, na kwao Rabai pia mgeni hakatai. Akala moja. Shangazi akamwongeza. Akachovya ya pili katika mbaazi, akasifu, na ilikuwa kosa, maana aliyesifu huongezwa. Kufika saa tisa kasoro robo vidole vyake vyote vitano vilikuwa vinang'aa kwa tui, na kalamu ilikuwa imelala juu ya karatasi nyeupe asiyoweza kuigusa.

"Naomba maji ya kunawa, bibi," alisema kwa heshima.

"Mara moja," alisema Shangazi. Akanigeukia, akanipa birika tupu, akaniinamia sikioni. "Kalete maji ya mbali."

Sikwenda majini kabisa. Nililiacha birika kwenye kidato cha kwanza, nikakimbia. Nilikimbia njia zile nyembamba nikipiga kelele kwenye madirisha, mimi niliyefundishwa kwamba msichana hapazi sauti njiani. "Karani afunga! Karani afunga!" Madirisha yakafunguka juu yangu. Mwanamke mmoja alichungulia ana wanja jicho moja.

"Si saa nane?"

"Saa nane ya kweli!" nilimpigia. "Saa nane ya serikali!"

"Subhanallah! Kwani tangu lini?"

Kisha nikasikia milango. Sijui niieleze vipi sauti ile: komeo baada ya komeo, ngazi baada ya ngazi, kama mvua inayoanza kwenye paa moja ikahamia la pili. Walitoka na hina mbichi, wamenyoosha vidole mbele kama vipofu. Walitoka nywele zimesukwa upande mmoja. Walitoka na watoto, na pepeo za mkononi, na yule aliyekuwa na wanja jicho moja akaja na jicho hilo hilo moja. Mama wa Kibohora alifunga duka lake mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaingia nasi katika rida ya rangi ya zambarau iliyotiwa kamba za dhahabu. Na tulipoingia kiwanjani, mtu fulani nyuma yangu, kwa mazoea tu, akapiga kigelegele, na wote wakaitikia.

Karani alisimama, mikono imeinuliwa isiguse shati. Alitazama saa yake. Ilibaki dakika tano.

"Maji yako wapi?" alininong'oneza.

"Yanakuja," nikasema. Akanawia kahawa.

Wanaume walipoona diwani anakaa katikati ya wanawake wasimfukuze, nao wakaingia wakikohoa, wakakaa upande wao. Ikawa viti havitoshi. Karani akafungua orodha ya wakazi aliyopewa ofisini ili ahakikishe kila ajaye ni mkazi, akaanza kusoma. Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. Shangazi alikuwa amesimama karibu naye.

"Huyo alifariki," alisema. "Mungu amrehemu. Na huyo naye. Huyo wa tatu kahamia Makupa kwa mwanawe, mguu wamsumbua. Nani alikuandikia hii, mwanangu? Hii si orodha, hii ni hitima."

Watu walicheka hata turubai ikatikisika, na karani akacheka nao. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Aliifunga orodha ile. Akachukua karatasi mpya, akasema, "Basi, bibi, nisomee ya kwako."

Shangazi akafumba macho. Akaanza na mlango wa misumari ya shaba. Kutoka hapo akashika njia, upande wa kulia kwenda na upande wa kushoto kurudi, nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa, na kila alipotaja nyumba, wenyewe walisimama. Huko Kibokoni akasimama kidogo. Nikaona miguu yake inasogea kidogo kidogo ndani ya viatu, ikitembea, kisha akaendelea.

Lakini karani alitaka kila mtu aseme jina kwa kinywa chake. Hapo wanawake wakatazamana. Wengi walikuwa wakiitwa mama fulani tangu uzazi wa kwanza, na wengine walikumbuka foleni zile za kura, na majina yaliyokwenda kusikojulikana. Bibi mmoja mkongwe akainuka kwa fimbo yake.

"Jina likisha kuandikwa, mwanangu, laenda wapi?"

"Laenda mezani kwa madiwani, mama. Lasomwa."

"Kimoyomoyo?"

"Kwa sauti."

"Kwa sauti!" Bibi akaifikiri. "Basi liandike vizuri." Akalitaja, jina lake na la babake na la babu yake, kwa fahari kama anayetangaza meli imefika. Baada yake hawakuzuilika. Walisema majina yao wakiwa wamesimama wima, wengine kwa haya, mmoja kwa kuimba. Mashoga zao waliwapigia makofi. Mama wa duka aliposema lake aliongeza, "Na mimi kiwanja hiki nacheza tangu mtoto. Ukutani pale niliangusha jino." Babangu, mtu wa salamu aleikum, alisimama wa mwisho upande wa wanaume. Alijikohoza sana. Akalitaja jina lake, kisha, kama aliyegundua kwamba haikuuma, akalirudia.

Mimi nilikuwa nimepewa karatasi za akiba za karani, maana mkono wake peke yake haukutosha, nikaandika ubavuni mwake. Nilikuwa nimeandika hadithi nyingi za watu wa kubuni. Siku ile kila jina nilimwuliza mwenyewe mara mbili kabla ya kuliandika.

Baraza lilikaa mwezi uliofuata. Majina yalisomwa kwa sauti, diwani alituambia, na katikati ya kusoma mmoja wa madiwani aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyebaki mtaani humo ambaye hakupinga. Ombi la ghala likakataliwa. Karani aliileta barua mwenyewe, jioni akitoka kazini, ingawa haikuwa njia yake. Alipiga hodi tatu. Nikamsomea Shangazi. Alinisomesha mara mbili pale palipoandikwa kwamba kiwanja kitabaki kwa matumizi ya wakazi, kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na tulipomsikia tena alikuwa akimpangia babangu ni harusi zipi zingeingia kiwanjani kabla ya Ramadhani.

Sisemi kwamba kadi za dhahabu zilikoma. Zilizidi. Lakini mtaa ulichagua kamati, watu wakainua mikono juu mchana kweupe wakajihesabu wenyewe, na Shangazi akawa mjumbe wake kwa kazi moja, kwamba jambo lolote la mji lisifike kwetu bila kupita milangoni. Alitumwa kwa habari ya taka. Alitumwa kwa habari ya taa za njiani, na kwa hilo alizunguka kwa hasira, kwa kuwa mwenyewe aliwahi kuanguka. Saa alizitaja mbili kila mlango, ya serikali na yetu, asije akalaumiwa.

Na asubuhi moja, wakati mitaro ya maji machafu inataka kuchimbuliwa, diwani alikuja kwetu mbio, akapanda ngazi vidato viwili viwili, akatokea sebuleni tunakunywa chai.

"Shangazi, Jumanne saa tatu kuna mkutano wa mitaro, waambie watu, nina haraka."

Shangazi hakuinua macho kwenye kikombe chake. "Huyu nani?" aliniuliza.

"Ni diwani, Shangazi."

"Sikusikia mtu akipiga hodi."

 Diwani alimtazama babangu, na babangu akakoroga chai yake. Kisha yule mtu mzima, mheshimiwa, mwenye koti na mafaili kwapani, akageuka akashuka ngazi zote mpaka chini. Tukamsikia njiani akivuta pumzi. Tukamsikia akibisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, na mama wa duka akicheka nyuma ya meza yake.

"Karibu!" akapaza Shangazi, na kuniambia nimtilie kikombe.